Likizo Ndefu Isiwe ya Wenye Nauli Pekee

Mei hadi Agosti vyuo vingi hufunga. Wewe unayesomea botania, kilimo au misitu, umeshapanga utafanya nini? Nadhani najua: unatafuta atachimenti Nairobi, ulale kwa shangazi Kayole na ujilipie matatu miezi mitatu. Kama huna shangazi, pole.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Barua ya atachimenti nilikuwa nayo. Nauli na kodi ya nyumba ndizo sikuwa nazo. Kwa hivyo sikuhubirii, nakuambia nilichokiona.

Marekani, likizo kama hii kuna wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaolipwa wafanye utafiti. Serikali yao hugharamia programu ziitwazo REU: unapewa posho, mwalimu wa kukuongoza na swali la kujibu. Lakini doo hizo ni za raia na wakaazi wa kudumu wa huko. Usichome bando zako bure kutuma maombi ukiwa Lodwar.

Na maze, Turkana haikosi maswali. Chukua mathenge, ambao Waturkana huuita etirae. Uliletwa kuzuia jangwa. Mwaka wa 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu hatari. Mbuzi hula maganda yake, mbegu zinapita tumboni zikiwa hai, kisha zinaota kwingine. Papo hapo ndio kuni, makaa na ua wa boma. Je, chini yake kunaota nini? Miche mingapi ya ewoi, ule mgunga unaolisha mifugo tangu zamani, bado inachipuka kando ya mto Turkwel?

Swali hilo halihitaji maabara kubwa. Linahitaji kamba ya kupima mraba wa mita moja, daftari, simu, magazeti ya zamani ya kukaushia sampuli, na mtu anayejua miti kwa majina. Huyo ni nyanya yako.

Walimu pia wapo. Lodwar ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana na kituo cha KEFRI. Kule Turkwel, Turkana Basin Institute hupokea wanafunzi kutoka ng'ambo wanaolipa karo waje wasomee ardhi hii. Wao wanapanda ndege kuja. Wewe wa Kanamkemer unashinda likizo kwa boda.

Kakuma ni kugumu zaidi. Kambi ipo tangu 1992, na mkimbizi anahitaji kibali ndipo atoke. Atachimenti ya Nairobi kwake ni hadithi, ilhali mathenge uko mlangoni pake. Kuni zimewahi kuwagombanisha wenyeji na wakimbizi. Sasa waza kijana mmoja kutoka kila upande, daftari moja, wakihesabu miche ileile.

Kinachokosekana ni posho. Kaunti, vyuo na mashirika, warsha moja ya hoteli ipungue, vijana kumi walipwe wafanye utafiti hapahapa.

Nawe usingoje tangazo. Andika ukurasa mmoja: swali lako, mahali, wiki ngapi, shilingi ngapi za chakula na usafiri. Mpelekee mhadhiri wako kabla ya Aprili. Akikubali, uliza bila haya: nani atalipa? Swali hilo mimi sikuuliza.