Njia ya panya haifuti haki ya hifadhi

Makala iliyodai kwamba anayevuka mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia au Malaba kwa njia ya panya hawezi kuwa mkimbizi wa kweli imeisoma sheria nusunusu. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 inampa mtu siku 30 za kujitokeza kuomba hifadhi, awe ameingia kihalali au la. Waliotunga kanuni hiyo walijua kwamba anayekimbia Kivu au Bujumbura mara nyingi hana pasipoti, na pengine aliyepaswa kumpa ndiye anayemkimbia. Hoja kwamba angebaki Uganda ina uzito kidogo, maana Uganda ni mwenyeji mkarimu. Lakini Mkataba wa 1951 haumlazimishi mtu kuomba hifadhi katika nchi ya kwanza anayoifikia.

Usalama nao? Vichochoro hivyohivyo hupitisha magunia ya mahindi na sukari kwenye bodaboda mchana kweupe, wala hakuna anayewaita wachuuzi magaidi. Mkimbizi aliyesajiliwa ana alama za vidole kwenye faili; anayeogopa kukamatwa humlipa dalali, akapotelea Nairobi. Kumtisha ni kuongeza wasiojulikana, kinyume kabisa na kinachotakiwa. Isitoshe, mwanzoni mwa 2008 maelfu ya Wakenya walikimbia machafuko ya baada ya uchaguzi kwa kuvuka mpaka huuhuu, na Uganda ikawapa hifadhi Mulanda, wilayani Tororo. Mwandishi atuambie kama hao nao walikuwa matapeli.