Choo cheusi kisingoje asubuhi

Damu inayovuja ndani ya tumbo haina kelele. Hujitokeza kwa choo cheusi chenye kunata kama lami na kunuka vibaya, au matapishi yaliyo kama mashapo ya kahawa. Ni kweli kwamba vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kuwa cheusi. Lakini asiyevitumia hana haja ya kubahatisha. Aghalabu mtu wa aina hii hununua dawa ya kupunguza asidi dukani, akalala akitumaini kupata nafuu. Huko ni kucheza na kifo.

Chanzo kikubwa ni vidonda vya tumbo, viletwavyo na bakteria au na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wakazi wa mijini humeza kama njugu. Wenye ugonjwa wa ini au kichocho cha muda mrefu nao huweza kupasukiwa na mishipa ya damu iliyovimba katika umio.

Jamaa za mgonjwa huuliza kwanza kuhusu kamera ya kuchungulia tumbo. Kamera ni muhimu, na yafaa itumike katika saa 24. Hata hivyo, kwa maoni yangu, roho nyingi huokolewa kabla yake, na kwa vifaa ambavyo hata zahanati inavyo. Mtu mzima aliyetulia ambaye moyo wake unapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika, mikono ni baridi na anaona kizunguzungu akisimama, awekewe dripu mara moja, apimwe kundi la damu na kupelekwa penye damu ya kuongezewa. Kipimo cha wingi wa damu kisitupumbaze: saa za mwanzo chaweza kuonekana sawa ilhali mgonjwa anaishiwa.

Mambo hayo yasingoje malipo ya awali. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mgonjwa wa kutapika damu akiketishwa kwenye benchi hadi jamaa walete pesa, sheria imevunjwa.

Nawe msomaji, ukiona dalili hizi usile, usinywe pombe, wala usimeze dawa ya maumivu. Usiende peke yako. Beba pakiti za dawa zote unazotumia, na umwambie daktari ukweli kuhusu pombe. Nenda usiku huo huo.