Saa ya Kumwona Mbogo

Jamaa mmoja nifanyaye naye kazi ofisini alikwenda Ol Donyo Sabuk Jumapili, akarudi amekasirika. Asema aliona nyani tu, na kwamba mlima ule waitwa Kilimambogo bure. Nikamwuliza, "Ulifika saa ngapi?" Akajibu, "Saa sita mchana." Basi, kosa si la mlima.

Sisi wa Machakos tukienda huko twapita Kangundo na Tala. Mlima una kimo cha meta 2,145, na tangu mwaka 1967 ni hifadhi ya taifa. Hifadhi ndogo, yapata kilometa za mraba 20, tena karibu yote ni msitu. Hapo ndipo penye shida. Katika mbuga iliyo wazi mnyama huonekana toka mbali, bali hapa mbogo aweza kusimama hatua kumi kando ya njia usimwone, naye anakuona.

Mbogo hula usiku na alfajiri. Jua likipanda huingia kivulini, akalala na kucheua hata jioni. Wakulima wanaokaa karibu na mbogo wazijua sana saa hizi, kwa hasara ya mahindi yao. Kwa hiyo uwe langoni saa kumi na mbili asubuhi, upande polepole kwa motokaa, ukitazama penye majani kandokando ya msitu. Mimi hupenda kungoja katika uwazi ule penye kaburi la Bwana McMillan, aliyefariki mwaka 1925. Ukiwa hapo inua macho mitini pia, maana mbega, wale weusi wenye manyoya marefu meupe, huota jua kabla ya kuanza kula.

Januari na Februari ni miezi mizuri. Asubuhi isiyo na mawingu Mlima Kenya huonekana toka kileleni, na Kilimanjaro vilevile. Wakati wa masika njia huteleza.

Neno moja kwa vijana. Msipande kwa miguu pasipo askari wa wanyama mwenye bunduki, wala msione haya kumwomba. Dume mzee aliyeachana na kundi hakimbii asikiapo watu. Hunyamaza kichakani mpaka mmemkaribia, na hapo hamna tena nafasi ya kugeuka.

Jamaa yangu ameahidi kuondoka Jumamosi saa kumi ya alfajiri. Nimemwambia achukue koti.