Kobalti na koltani: mnunuzi asiyezungumzwa

Tangu serikali ya Kinshasa isimamishe uuzaji wa kobalti nje mwezi wa pili mwaka 2025, kisha kuuruhusu tena mwezi wa kumi kwa kugawia makampuni tani zao, mabishano yamekuwa juu ya bei na betri za magari. Lakini kuna mnunuzi mwingine, ambaye hawezi kubadilisha madini kirahisi: mtengenezaji wa injini za ndege.

Ndani ya injini kuna mapanga madogo yanayozungushwa na gesi ya moto. Gesi hiyo hupita digrii 1,500, wakati nikeli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mapanga hayo, huyeyuka kwa digrii 1,455. Huokolewa na hewa inayopitishwa ndani yake. Hata hivyo, joto na mzunguko wa kasi huyavuta na kuyarefusha polepole. Panga likirefuka mno hugusa ukuta wa injini. Likikatika angani, ni hatari kwa abiria.

Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, maprofesa wa metali huchunguza jambo hilo pamoja na kampuni ya Rolls-Royce. Katika uchunguzi wa aina hiyo, kipande cha metali hutundikiwa mzigo ndani ya tanuru, pengine kwa maelfu ya saa, huku urefu wake ukipimwa. Nyufa nyingi huanzia pale punje za metali zinapokutana. Ndiyo sababu siku hizi panga hugandishwa liwe punje moja tu.

Tena kuna mchanganyiko wenyewe. Katika aloi moja maarufu, CMSX-4, kila kilo 10 zina karibu kilo moja ya kobalti na zaidi ya gramu 600 za tantali, metali inayotoka katika koltani. Kubadilisha mchanganyiko huo kunadai miaka ya majaribio kabla ndege haijaruhusiwa kuruka.

Je, hiyo ni fimbo mkononi mwa Kinshasa? Kidogo tu. Injini hutumia sehemu ndogo ya kobalti ya dunia, na tantali hutoka pia Brazil na Rwanda. Lakini anayejua kazi ya madini yake anaweza kudai, pamoja na kodi, maabara na nafasi za masomo kwa wanafunzi wa metali wa Lubumbashi. Kwa koltani ya Rubaya, Masisi, hata dai hilo ni gumu: tangu mwezi wa nne mwaka 2024 machimbo hayo yaliangukia mikononi mwa M23.