Jirani, Tuongee Mapema

Ndugu wakazi wa Nairobi, Mombasa, Kisumu na popote ambapo baa, kanisa na nyumba za kupanga zimebanana: wito huu si wa kuzima muziki. Ni wa kushusha sauti, hasa besi, saa inapofika.

Saa yenyewe imeandikwa. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele, za mwaka 2009, zinahesabu usiku tangu saa 2:01 hadi saa 12 asubuhi. Mchana, nje ya nyumba katika mtaa wa makazi, kikomo ni desibeli 50. Makazi yakichanganyika na biashara, 55. Usiku kote ni 35, sauti isiyozidi sana mnong'ono. Mwenye baa anayesema hapa ni sehemu ya biashara, na mchungaji anayesema hii ni ibada, usiku wana kikomo kimoja.

Kweli, 35 ni kali. Matatu na mbwa wa mtaani huipita bila msaada wa spika yoyote, kwa hiyo sioni faida ya kuzunguka na simu ukiwapimia watu desibeli. Shida kubwa ni besi. Weka glasi ya maji mezani katika chumba kinachopakana na klabu: maji yanatetemeka kwa kila dundo, ilhali maneno ya wimbo huyasikii. Sauti nyembamba hupunguzwa na ukuta. Besi ina mawimbi marefu ya mita kadhaa, na mawe hayaizuii vizuri. Ndiyo maana DJ anaapa amefunga milango yote, na mama wa ghorofa ya tatu anaapa mtoto hajalala. Wote wanasema kweli. Wenye klabu, anzeni na besi basi. Spika zisikae sakafuni, zisiegemee ukuta wa jirani, wala zisielekezwe barabarani.

Mwenye harusi, mkesha au matanga, kipo kibali cha muda, kisichozidi siku saba. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele, kwa hiyo anzia huko. Ila kibali hakibishi hodi. Pitia milango ya ploti mapema, taja saa ya kumaliza, acha namba ya simu. Watu huvumilia ngoma wanayojua itakoma lini.

Nasi tunaolalamika, tusitoke saa nane usiku na leso kiunoni na matusi mdomoni. Saa hiyo meneja ana wateja na walevi wa kutuliza. Mwendee mchana, kreti zinaposhushwa, umwombe aje asimame chumbani kwako usiku mmoja, spika zikiwa zimewaka. Wengi hawajawahi kuisikia baa yao wakiwa upande wa pili wa ukuta. Akikataa, andika tarehe na saa, majirani watie sahihi, barua iende kwa chifu, kaunti na NEMA, mamlaka ya mazingira.

Tusingoje tamko kutoka juu. Mwaka 2022 Nairobi ilitangaza mwisho wa klabu za usiku kwenye mitaa ya makazi. Anayelala karibu na baa anajua tamko lile lilimfaa kiasi gani. Wikendi inakuja. Mwenye spika na mwenye kitanda wapeane namba za simu kabla ya Ijumaa jioni.