Neno la siri pekee halilindi daftari la mkulima

CHAMA cha msingi cha wakulima wa tumbaku, kiwe cha Urambo au Sikonge, kinapohamisha madaftari yake kutoka kabatini kwenda kwenye mfumo wa intaneti, huelezwa kwamba usalama upo kwa sababu kila mtumiaji ana neno la siri. Maelezo hayo ni nusu tu ya jambo lenyewe.

Karani wa mizani, mhasibu na mkulima wote wana haki ya kuingia. Hata hivyo, karani hapaswi kubadili uzito uliokwisha kupokelewa, wala mkulima kuona deni la pembejeo la jirani yake. Ikiwa anwani ya ukurasa wake inaishia na namba 114, naye akaandika 115 na kusoma mambo ya mwenzake, hajavunja mlango wowote. Hakuna aliyemuuliza tena. Taasisi ya kimataifa ya OWASP iliuweka udhaifu wa aina hii nafasi ya kwanza katika orodha yake ya mwaka 2021.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora ililijua hilo. Hongo iliyolipwa Ugogo haikumhusu Mirambo wa Urambo, ambaye mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji katika vita vyake na Waarabu wa Tabora. Kila mwenye eneo aliamua mwenyewe nani apite, ingawa shabaha ilikuwa mapato, si siri.

Kwa mifumo inayoandikwa kwa lugha ya Python, zana mojawapo maarufu ni Django, ambayo wataalamu wa Afrika walikutana Zanzibar kuijadili Novemba 2023. Kwa kawaida mtengenezaji aliweka ukaguzi ukurasa kwa ukurasa, na kuusahau mmoja kulitosha kuuacha wazi. Toleo la 5.1, la Agosti 2024, lilileta utaratibu unaofunga kurasa zote, isipokuwa zilizotajwa kuwa za wazi. Lakini utaratibu huo huuliza wewe ni nani. Hauulizi kama akaunti hii ni yako. Swali hilo la pili huandikwa na mtengenezaji mwenyewe, kwa kuuamuru mfumo utafute akaunti miongoni mwa zile za mwanachama aliyeingia, si miongoni mwa zote.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamwekea mkusanyaji wa taarifa wajibu wa kuzilinda, na hapa mkusanyaji ni chama. Kabla ya kumlipa mtengenezaji fedha za mwisho, viongozi wangeomba akaunti mbili za majaribio, waingie kwa moja na kuandika namba ya nyingine.