PAPA ABEBE MSALA PEKE YAKE? ALIYEMZOESHA KULA MKONONI YUKO WAPI?

Papa akimng'ata mtu, mitandaoni maneno ni yaleyale: auawe, ana kisasi, ameshaonja damu. Kesho yake watu haohao wanamwaga laiki kwenye video ya mrembo anayemlisha papa samaki kwa mkono huku anacheka. Hakuna anayeunganisha hayo mawili.

Turudi Sharm el-Sheikh, ule mji wa kula bata wa Misri, pale Bahari ya Shamu. Mwanzoni mwa Desemba 2010, ndani ya siku chache tu, watalii wanne waling'atwa: Warusi watatu na raia mmoja wa Ukraine. Na si mikwaruzo, kuna aliyepoteza mkono. Fukwe zikafungwa, mashua zikaingia baharini, papa wawili wakavuliwa, picha zikapigwa. Kesi imeisha, watalii rudini majini!

Wapiga mbizi walikuwa wameshasema mapema kwamba papa aliyevuliwa hafanani na yule waliyempiga picha kabla ya tukio. Nani awasikilize wakati hoteli zinapoteza hela? Fukwe zikafunguliwa. Tarehe 5 Desemba, bibi wa Kijerumani wa miaka 70 akauawa akiwa anaogelea.

Hapo ndo vituko vikaanza. Kigogo mmoja wa mkoa huo akasema eti habari kwamba mashushushu wa Israel wamemtupia Misri papa ili kuua utalii si jambo la kupuuzwa, ila inahitaji muda kuthibitisha. Papa shushushu, jamani! Israel ikakanusha, dunia ikacheka wiki nzima. Kicheko kile kilimsaidia sana kigogo, maana swali la nani aliruhusu watu warudi majini likazama humohumo.

Maelezo ya wataalamu hayakuwa na ujasusi wowote. Mmoja wa papa waliotajwa ni yule mwenye ncha nyeupe kwenye mapezi, mkaaji wa bahari kuu. Huko chakula ni cha kubahatisha, kwa hiyo ana tabia ya kufuata meli na kujaribu chochote anachokutana nacho. Sasa Novemba ile ilikuwa na Idi ya kuchinja. Meli za mifugo zilikuwa zinapita, na ilitajwa kwamba mizoga ya kondoo ilitupwa baharini. Ongeza uvuvi uliomaliza samaki wake na maji yenye joto kuliko kawaida. Papa gani asingesogea ufukweni?

Lakini linaloudhi zaidi ni kulisha. Kuna watu walikuwa wanawapa samaki chakula ili watalii wapate picha kali, na wengine hubeba chambo kwenye kipochi cha kiunoni. Papa si mjinga. Akishazoea kwamba binadamu anatoa chakula mkononi au kiunoni, siku mkono hauna kitu anachukua mkono wenyewe. Wapo waliong'atwa sehemu hizohizo, na hawakuwa wamemlisha yeyote. Mwenye video alishapanda ndege na laiki zake, anayebaki majini ni bibi wa watu.

Kuna watakaosema papa ni muuaji tu, hata asipolishwa. Mbona basi dunia nzima, pamoja na mamilioni yote wanaoogelea, wanaong'atwa bila kumchokoza papa kwa kawaida hawafiki 100 kwa mwaka? Watu wanne kujeruhiwa na mmoja kufa kwenye mji mmoja, ndani ya wiki moja, ni lazima kuna kitu kilibadilika pale. Na waliokibadilisha wana miguu miwili.

Juni 2023, Hurghada, Misri hiyohiyo, papa akamuua kijana wa Kirusi karibu na ufukwe huku watu wakirekodi kwa simu. Papa akavuliwa haraka, akapigwa hadi kufa, ukatangazwa mpango wa kumkausha awekwe makumbusho watu wakamtazame. Na video za kuwalisha papa kwa mkono bado zinapostiwa kila siku. Wadau, ile ya mwisho mliyoiona mlipita au mliweka moyo?